Maamuzi Yawe ya Msanii Kabla Mada Haijachaguliwa: Barua ya Wazi

Kwa: Wakuu wa mabaraza ya sanaa, wasimamizi wa mifuko ya ruzuku, wakurugenzi wa makumbusho, majumba ya maonyesho na kumbi za maigizo

YAH: MIRADI YA SANAA YA PAMOJA INAYOONGOZWA NA WASANII WENYE ULEMAVU WA AKILI, USONJI NA TOFAUTI NYINGINE ZA UBONGO

Waheshimiwa,

Matangazo yenu ya ruzuku siku hizi yana sentensi inayotia moyo: miradi inayoongozwa na watu wenye ulemavu itapewa kipaumbele. Sentensi hiyo imepiganiwa kwa miaka mingi na tunaithamini. Lakini fomu iliyo chini yake inaifuta. Fomu inadai mada ya mradi, ratiba ya wiki kwa wiki, idadi ya kazi zitakazoonyeshwa na maelezo ya zitakavyoonekana, na inayadai hayo kabla msanii anayetajwa kuwa kiongozi hajashika hata kipande cha mkaa wa kuchorea. Kwa kuwa hawezi kuyajua bado, mtu mwingine huyajaza kwa niaba yake. Na anayejaza fomu ndiye anayeamua. Mada ikishachaguliwa, vifaa vikishanunuliwa na tarehe ya ufunguzi ikishatangazwa, msanii hubakiwa na kupaka rangi ndani ya mistari aliyochorewa na wengine.

Sisi tunaoandika ni wasanii wenye ulemavu wa akili, wasanii wenye usonji, disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika) na tofauti nyingine za ubongo, pamoja na wasanii wenza, yaani wanaofanya sanaa bega kwa bega na wasanii viongozi, wasaidizi na waandaaji tunaofanya nao kazi. Tunaomba jambo moja, na mengine yote humu ni matawi yake: maamuzi ya mradi yawe mikononi mwa msanii kiongozi tangu siku ya kwanza, na fedha na muda vipangwe kwa namna inayoliwezesha hilo.

Tuanze na muda. Judith Scott alizaliwa Marekani mwaka 1943, akiwa na sindromu ya Down na uziwi ambao kwa miaka mingi haukutambuliwa. Aliishi katika taasisi za watu wenye ulemavu kwa takribani miaka 35. Mwaka 1987 alianza kwenda Creative Growth, karakana ya wasanii wenye ulemavu iliyoanzishwa Oakland, California, mwaka 1974. Kwa karibu miaka 2 ya mwanzo hakuvutiwa na kuchora wala kupaka rangi. Kisha akakutana na nyuzi. Kuanzia hapo hadi alipofariki mwaka 2005 alikuwa akifunga, kuzungushia na kufumia vitu ndani ya nyuzi na vitambaa mpaka vikawa sanamu, na leo sanamu hizo zimo katika makusanyo ya makumbusho makubwa. Sasa chukueni ruzuku yenu ya wiki 12 mumpelekee Judith Scott wa mwaka 1987. Ripoti ya mwisho ingesema mshiriki hakuonyesha mwitikio, na jina lake lisingeonekana kwenye mradi unaofuata.

Nnena Kalu wa Uingereza, mwenye usonji na ulemavu wa akili, anayetumia maneno machache sana, amekuwa akifanya kazi na ActionSpace, shirika la London la wasanii wenye ulemavu wa akili, tangu mwaka 1999. Alishinda Tuzo ya Turner, tuzo maarufu ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2025. Back to Back Theatre, kundi la maigizo la Geelong, Australia, lilianza mwaka 1987. Tamthilia zake hutungwa pamoja na waigizaji wenyewe, ambao ni watu wenye ulemavu wa akili au tofauti za ubongo, na limepata tuzo mbili kubwa za maigizo: Tuzo ya Kimataifa ya Ibsen mwaka 2022 na Simba wa Dhahabu wa tamasha la Biennale ya Venice mwaka 2024. Tunazitaja tuzo hizi kwa sababu ndizo mnazozihesabu. Sisi tunahesabu kilichozitangulia: miaka mingi ya chumba kilekile na watu walewale, vifaa vikiwa karibu na mkono, bila mtu wa kuuliza kila wiki kazi itakwisha lini.

Hatusemi kila ruzuku iwe ya miaka 26, kama safari ya Nnena Kalu hadi tuzo yake. Tunasema kila mradi uwe na awamu ya kutafuta, inayolipwa, kabla ya mada yoyote kuandikwa. Vipindi 8 hadi 10, mara moja kwa wiki, vinatosha kuanza. Andaeni vifaa vya aina 5 au 6 vinavyotofautiana kwa mguso, kwa sauti na kwa uzito: udongo wa mfinyanzi, waya laini, karatasi kubwa za kutandika sakafuni, nyuzi, kamera, maikrofoni yenye spika. Msivimwage vyote mezani kwa pamoja, maana wapo wanaoganda wakikabiliwa na wingi. Vitatu viwe mezani, vingine viwe kwenye rafu wazi vinakoonekana na kufikiwa. Mwisho wa awamu kinachokabidhiwa kwa mfadhili ni kumbukumbu: kila msanii alirudi kwenye kitu gani, mara ngapi, akiwa na nani. Humo ndimo mada itakamotoka. Ruzuku ya pili, iliyo kubwa, iombwe baada ya hapo, na msanii atakayeamua kutoendelea aache bila kudaiwa maelezo, ada yake ya awamu ya kwanza ikiwa imelipwa kamili.

Kuhusu maombi yenyewe tutasema machache, maana tiba yake ni rahisi na mnaijua. Maswali yasizidi 6. Pokeeni majibu ya sauti, ya video au ya michoro, na myape alama kwa kipimo kilekile. Msitumie tovuti inayofuta kazi ya mtu asipobonyeza kitu kwa dakika 20. Panapokuwa na mahojiano, tumeni maswali wiki 2 kabla pamoja na picha za watakaokuwepo na ya chumba, kisha ulizeni maswali hayohayo bila kuyabadilisha. Swali moja la kushtukiza, hata liwe la kirafiki, linatosha kumfunga mdomo mtu mwenye usonji aliyejiandaa kwa siku 10. Na muwe waangalifu na maombi yaliyoandikwa vizuri mno. Msaidizi aliyesomea lugha ya wafadhili anaweza kupamba wazo mpaka likaacha kuwa la mwenyewe. Mara nyingi sentensi fupi iliyopinda ndiyo iliyobeba wazo.

Tuje chumbani. Kundi linalofanya kazi vizuri huwa na wasanii viongozi 6 hadi 8, wasanii wenza 2 na wasaidizi 2 au 3. Likizidi hapo, kelele na msongamano wa miili huanza kuamua nani atabaki na nani atatoka. Kipindi cha saa 2 chenye mapumziko ya dakika 20 katikati ni kipimo kizuri cha kuanzia, lakini dakika 20 za mwanzo zisiwe na maelekezo yoyote. Mtu anaingia, anavua koti, anazunguka, anagusa ukuta, anakaa. Anayeanza kwa hotuba ya kukaribisha na mchezo wa kutaja majina kwa zamu amewapoteza wawili kabla kazi haijaanza. Wiki ijayo muwe katika chumba kilekile, siku ileile, saa ileile. Mwenye jengo akiwahamishia ghorofa ya juu kwa sababu kuna mkutano, hesabuni wiki hiyo imepotea, na pengine mbili zaidi za kurudisha imani.

Ratiba ibandikwe ukutani kwa picha 5 hadi 7, na kila hatua inapokwisha picha yake igeuzwe au itolewe. Picha ziwe za chumba hichohicho na vifaa hivyohivyo. Vikaragosi vilivyotolewa mtandaoni vinawachanganya baadhi ya watu, kwa sababu meza iliyochorwa haifanani na meza iliyo mbele yao. Kwa anayelemewa na safu ndefu, tumieni ubao wa picha mbili tu: sasa na kisha. Tangazeni mwisho wa kipindi dakika 10 kabla, tena dakika 5 kabla, kwa ishara ileile kila mara. Kumkatiza mtu ghafla aliyezama kwenye kazi ni kama kumwamsha kwa kumwagia maji, na fujo inayofuata huandikwa kwenye ripoti kama tabia yake, wakati ni kosa la ratiba.

Kagueni taa kabla ya kila kitu. Taa za mirija zilizochakaa hupepesa na kuvuma, na aliyezoea hazioni wala hazisikii, lakini kwa mwingine uvumaji huo uko juu kuliko sauti ya mwezeshaji. Zimeni, mtumie taa za meza au mwanga wa dirisha. Rangi ziwe za maji. Harufu ya kiyeyusho na gundi kali hufukuza watu na husababisha maumivu ya kichwa ambayo msanii asiyetumia maneno atayaeleza kwa kujipiga. Muwe na vizuia kelele vya masikio jozi kadhaa, kona yenye kiti kilichogeukia ukuta, na chumba cha pili kidogo cha utulivu ambacho mtu anakwenda bila kuomba ruhusa. Mlango usifungwe kwa ufunguo. Kujitikisa, kupepea mikono, kurudia neno moja na kutembeatembea ni sehemu ya mtu kufanya kazi yake. Msaidizi anayesema "tulia" atolewe pembeni aelezwe.

Sasa maamuzi. Hapa tunaomba mkae nasi kidogo, maana ndipo miradi mingi inapoharibika bila mtu kutambua.

Watu wengi wenye ulemavu wa akili wamejifunza tangu utotoni kwamba jibu salama ni ndiyo. Watafiti wamekuwa wakilieleza jambo hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980: mtu akiulizwa swali la ndiyo au hapana, ndiyo nyingi huwa za kumridhisha anayeuliza, na akipewa machaguo mawili kwa mdomo, wapo wanaochukua lililotajwa mwisho. Kwa hiyo mwezeshaji anayeuliza "Unapenda hii ya bluu, eti?" na kupata ndiyo hajapata kitu. Namna inayofaa ni kuweka vitu vyenyewe mezani, viwili au vitatu vya ukubwa mmoja, kuuliza kwa sentensi fupi, halafu kunyamaza. Hesabuni kimoyomoyo hadi 10 kabla ya kusema tena. Kwa walio wengi hizo ndizo sekunde ngumu kuliko zote katika kazi hii, na wengi huzijaza kwa kurudia swali kwa maneno mengine, hivyo anayefikiri hulazimika kuanza upya. Baadaye siku hiyohiyo ulizeni tena mkiwa mmebadilisha mpangilio wa vitu. Kipindi kinachofuata aulize mtu mwingine. Majibu yakikubaliana, uamuzi umepatikana. Yasipokubaliana, hakuna uamuzi bado, na kazi isubiri. Kuna wasanii ambao jibu lao huja wiki ya tatu, na huwa ni jibu imara kweli.

Kundi linapoamua pamoja, msipige kura kwa kunyoosha mikono. Mkono wa kwanza huvuta mingine, hasa ukiwa wa msanii mwenza. Mpeni kila mmoja kipande cha mbao chenye alama yake, na kwa wakati wake akiweke kwenye kazi au kwenye picha anayoitaka. Piga picha ya matokeo. Anayeondoa kipande chake na kukihamisha ana haki hiyo hadi kipindi kifungwe.

Na wale wasiotumia maneno kabisa? Kurudi kwenye kitu bila kuitwa ni kauli. Kukisukuma mbali, kugeuza kiti, kutoka mlangoni, kushika mkono wa msaidizi na kuupeleka kwenye kopo fulani, zote ni kauli. Wekeni daftari lenye safu tatu: alichofanya, tunachodhani kinamaanisha, tulivyothibitisha. Watu wawili wanaomfahamu walijaze kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Wakitofautiana, kitakachoandikwa ni kwamba wametofautiana. Si utaratibu wa kubuni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unatambua katika ibara ya 12 uwezo wa kisheria wa kila mtu na haki ya kupewa msaada wa kuutumia. Maoni ya Jumla Namba 1 ya mwaka 2014, ya kamati inayosimamia Mkataba huo, yanaeleza kwamba inaposhindikana kabisa kujua mtu anataka nini, kinachotafutwa ni tafsiri bora ya utashi wake na mapendeleo yake, wala sio maoni ya wengine juu ya kinachomfaa. Tofauti hiyo ndogo kwenye karatasi ni kubwa mno chumbani. "Nyekundu ingempendeza" ni maoni. "Mara nne kati ya tano amelifuata kopo jekundu hata lilipohamishwa" ni tafsiri.

Daftari la pili ni la maamuzi ya mradi mzima: tarehe, kilichoamuliwa, nani aliamua, aliulizwaje, na safu ya mwisho, ambayo tunaomba muisome kabla ya nyingine zote: machaguo gani yaliondolewa kabla hayajamfikia msanii, na nani aliyaondoa. Bajeti, bima, usalama, ladha ya msimamizi wa maonyesho. Kila kitu kina namna ya kupunguza machaguo kimyakimya. Msanii akiletewa viwili vilivyobaki kati ya kumi, aliyeondoa vinane ndiye kiongozi.

Jambo linalokwenda na hilo ni mikono. Mwanzoni mwa mradi andikeni ukurasa mmoja, wenye picha, wa nani anagusa nini. Msaidizi anaweza kufungua kopo, kushikilia karatasi isiteleze, kukata waya mgumu pale msanii anapoonyesha, kunyanyua kizito. Hapaki, hasuki, hapangi, hasafishi kingo. Kasoro hii huja karibu kila mara katika wiki 2 za mwisho, ufunguzi ukiwa umekaribia: mtu mwema anabaki jioni "kumalizia kidogo". Nyuzi zinazoning'inia zinakatwa, doa linafutwa, sanamu iliyoegemea upande inasimamishwa. Asubuhi msanii anaikuta kazi isiyokuwa yake. Wapo wanaoivunja. Wapo wasioigusa tena maishani. Kazi ikaguliwe kwa picha zilizopigwa mwisho wa kila kipindi, na badiliko lolote lililotokea katikati lielezwe.

Tumesema wasaidizi, na hapa kuna jambo ambalo bajeti zenu hazilioni. Msaidizi wa mahitaji binafsi na msaidizi wa sanaa ni kazi mbili, na zinahitaji watu wawili. Mtu anayekusaidia kwenda msalani na anayekupeleka nyumbani ni mtu ambaye ni vigumu sana kumwambia hapana anapopendekeza rangi. Pia wasaidizi wanaotoka kwenye makazi ya huduma hubadilishwa kwa zamu; wiki hii huyu, wiki ijayo yule, na mgeni asiyejua ishara za msanii huanza kumsemea. Mradi ulipe ili wasaidizi wawe walewale hadi mwisho, na kila mpya apate saa 1 ya maelezo kabla ya kuingia, pamoja na ukurasa mmoja ulioandaliwa na msanii mwenyewe: nikifanya hivi namaanisha hivi, nisaidie kwa hiki, usinisaidie kwa kile.

Basi fedha. Katika kila sehemu 100 za bajeti tunapendekeza 35 ziwe ada za wasanii, viongozi na wenza kwa kiwango kimoja cha siku; 20 wasaidizi; 10 ufikivu, yaani usafiri, matoleo ya maandishi mepesi yenye picha, vizuia kelele na mengineyo; 15 chumba na vifaa; 10 maonyesho au onyesho; na 10 akiba. Akiba hiyo isiguswe kwa mapambo. Ni ya wiki ambazo msanii ameugua, amehamishwa makazi au amekataa, na wiki hizo zitakuwepo. Gharama za wasaidizi na ufikivu, ingawa zimo katika hesabu hiyo ya bajeti nzima, zitoke kwenye fungu la pembeni lisilopunguza ruzuku na lisilohesabiwa mnapolinganisha mradi mmoja na mwingine kwa unafuu wa gharama. Kwa utaratibu wa sasa, kundi linalohitaji msaada mwingi huonekana ghali na hukatwa kwanza. Aliye mbali zaidi na mlango ndiye anayefungiwa.

Kulipa kwenyewe kuna miiba. Katika nchi nyingi malipo ya msaada wa ulemavu hupungua au husimama mtu akipata kipato kinachopita kiwango fulani, na kuyarejesha huchukua miezi. Kwa hiyo kabla ya kusaini chochote, mradi ulipie ushauri wa mtaalamu wa mafao kwa kila msanii, kisha msanii achague: alipwe kidogokidogo, alipwe mara moja, au ada iwekwe kwa namna nyingine ambayo sheria ya mahali inaruhusu. Kinachokatazwa ni kutumia ugumu huu kama sababu ya kutoa vyeti, fulana na kadi za zawadi badala ya malipo. Wengine hawana akaunti ya benki wanayoisimamia wenyewe; ulizeni mapema fedha itaingia wapi na nani ataiona, na msanii apewe karatasi yake ya malipo mkononi hata kama hasomi. Nauli ilipwe kabla ya safari. Kuirudisha baada ya siku 30 kunamfaa tu mwenye akiba.

Mkataba uandikwe kwa maandishi mepesi: wazo moja kwa sentensi, picha kando ya kila wazo, herufi za ukubwa wa 14 au zaidi, kurasa zisizojazwa hadi pembeni. Usomwe pamoja mara 3 kwa siku 3 tofauti. Ridhaa zitenganishwe, kila moja na saini yake au alama yake: kushiriki, kupigwa picha, kazi kuonyeshwa, kazi kuuzwa, picha ya uso kutumika kwenye matangazo. Fomu moja inayoyabeba yote kwa saini moja haina maana, na saini ya mzazi au mlezi peke yake haitoshi kwa mtu mzima. Ridhaa iulizwe upya kila awamu inapoanza, na kukataa picha ya matangazo kusimwondoe mtu kwenye mradi. Kazi ya pamoja iandikwe wazi: hakimiliki inagawanywaje, mauzo yanagawanywaje, nani anahifadhi kazi baada ya maonyesho, na nani anaamua ikiombwa kwenda kwingine. Mara nyingi tumeona ukimya juu ya jambo hili la mwisho ukiishia kwa kazi kutupwa wakati ghala linasafishwa.

Kwenye lebo ya ukutani liandikwe jina la msanii kama analotaka liandikwe, kisha kazi, mwaka na vifaa. Utambuzi wa kitabibu ni mali yake; uwekwe pale tu alipoomba. Tunaomba pia muache maelezo yanayoanza na mateso na kuishia na tabasamu. Ibara ya 30 ya Mkataba inazitaka nchi ziwawezeshe watu wenye ulemavu kukuza na kutumia vipaji vyao vya ubunifu kwa faida yao na kwa kuitajirisha jamii. Kuitajirisha, waheshimiwa. Mtazamaji hajaja kutoa pole.

Maonyesho yanapowadia, msanii akitembelee chumba kitupu angalau mara 2 kabla ya kazi kupelekwa, na apewe picha za njia ya kuingia, za choo na za mlango wa kutokea. Panga siku za kutundika mara mbili ya zile mlizozoea, ili yeye ndiye aseme kazi ikae wapi na kimo gani. Ufunguzi uwe wa aina mbili: mmoja wa mchana, watu wasiozidi 20, bila muziki wala hotuba, mwingine wa jioni kwa anayependa shamrashamra, na wapo wanaoipenda sana. Kwa jukwaani, onyesho tulivu lina masharti yanayojulikana: taa za ukumbi zipunguzwe bila kuzimwa kabisa, milipuko ya sauti ishushwe, watu watoke na kurudi watakavyo, maelezo yenye picha ya kitakachotokea yatumwe wiki 1 kabla, pawe na chumba cha utulivu chenye mtu wa kukiangalia. Lisiwe moja tu, saa 4 asubuhi siku ya kazi. Liwe miongoni mwa maonyesho ya jioni na ya mwisho wa wiki, kwa tiketi za kawaida.

Kuhusu tathmini: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na fomu za nyuso tatu, ya furaha, ya kawaida na ya huzuni, haziwaonyeshi kunguni. Zinakusanya furaha za kuridhisha, zilezile ndiyo tulizozieleza. Wala msituulize kama kujiamini kumeongezeka. Swali hilo hamumuulizi mpiga fidla wa okestra yenu. Someni madaftari mawili, kisha mtume mtu akae chumbani vipindi 2 mfululizo, bila kuandika chochote katika cha kwanza.

Limebaki suala la kumaliza. Mradi unapokatika ghafla, msanii hapotezi kazi peke yake, anapoteza siku ya wiki na watu wake. Tarehe ya mwisho iwe kwenye kalenda ya ukutani tangu mwanzo, na vipindi 3 vya mwisho viwe vya kufunga: kuamua kazi zinakwenda wapi, kugawana vifaa vilivyobaki, kuandika nani atawasiliana na nani na kwa njia ipi. Kazi ya vipindi hivyo ilipwe kama nyingine.

Tunaomba kikao nanyi kabla ya duru ijayo ya ruzuku kutangazwa. Tutakuja wanane, wasanii viongozi watano na wengine watatu. Tafadhali tutumieni maswali yenu wiki 2 kabla, yasizidi 6, pamoja na picha zenu na ya chumba. Taa za mirija ziwe zimezimwa, mlango usifungwe, na kikao kiwe cha saa 2 chenye mapumziko katikati. Mtakapouliza, subirini.

Wenu katika kazi,

Wasanii viongozi, wasanii wenza, wasaidizi na waandaaji wa miradi ya sanaa ya pamoja